Dume, Jike na Jina la Tatu

"Shikamoo shangazi. Wamenidanganya."

Nilimwitikia marahaba, nikamuuliza nani kamdanganya, na kwa lipi. Binti wa kaka yangu alikuwa amepanda mipapai kwa mara ya kwanza maishani mwake, miche 24 aliyoinunua kandokando ya barabara. Muuzaji alimhakikishia kwamba yote ni majike. Aliichimbia kila mche shimo lake, akamwagilia, akangoja. Mwezi wa tano maua yakatoka, na miti 11 ikaning'iniza kamba ndefu za vimaua vyeupe. Jirani aliyepita akamwambia hayo ni madume, ayafyeke. Sasa alikuwa amesimama shambani na panga mkononi, simu sikioni, akiuliza kama akate.

Nilimwomba kwanza anieleze anachokiona. Hapo ndipo nilipogundua kwamba taabu yake ilikuwa ya maneno kabla ya kuwa ya panga. Alikuwa na maneno mawili tu, dume na jike, na kwake dume lilimaanisha kisichozaa, jike lilimaanisha kinachozaa. Nilipomuuliza iliyobaki 13 ina maua ya namna gani, akasema, "Hiyo ni majike, shangazi." Nikamwuliza umejuaje. "Si haikutoa kamba?"

Jibu hilo limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Jike, kwake, ni kila ambacho si dume.

Lugha yetu haina ubahili panapohusika mifugo. Kuku jike anayekaribia kutaga ni mtetea, na jogoo ambaye hajakomaa ni pora. Mbuzi dume ni beberu. Ng'ombe dume ni fahali, akihasiwa ni maksai, na ng'ombe jike ambaye hajazaa bado ni mtamba. Kila jina limebeba uamuzi ambao mfugaji hana budi kuufanya: huyu wa kuchinja, huyu wa kubakiza, huyu wa kulima. Hata tunda la mnazi tumelipa majina kwa kila hatua, kidaka, kitale, dafu, koroma, hadi nazi yenyewe, maana kila hatua ina kazi yake. Mnazi lakini hauna dume wala jike. Karara likipasuka, shada moja lina maua ya kiume na ya kike pamoja, kwa hiyo wazee wetu hawakulazimika kuuliza swali hilo.

Mpapai ni mgeni. Kwao ni Amerika ya Kati na kusini ya Meksiko, na jina lake nalo ni la huko Amerika, likapitia vinywani mwa Wahispania na Wareno hadi kutufikia. Tulipoupokea tukauvika maneno ya zizini, dume na jike, yenye mashina yaleyale ya mume na mke. Yalifaa, ila yaliingia na hukumu ya shambani ambayo zizini haipo. Mfugaji akisema "dume la mbegu" anamsifu mnyama wake wa thamani kuliko wote. Mkulima akisema "mpapai dume" ananoa panga. Anayeutafuta mpapai dume kwa hamu ni mganga wa dawa za miti shamba, anayeagiza mizizi yake kwa jina hilohilo.

Hatuko peke yetu katika kugeuza jina la jinsia kuwa hukumu. Mfano mkubwa kuliko yote ninaoufahamu ni wa mbangi. Sheria za Tanzania zinakataza kuulima, na sitoi shauri lolote juu ya kilimo chake. Ninauleta kwa sababu ya majina yake. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliulima mmea huo kwa ajili ya nyuzi za kamba na matanga. Nao, kama mpapai, kwa kawaida una mimea dume na mimea jike iliyoachana. Dume lake ni jembamba, hukomaa mapema, likishamwaga chavua yake hunyauka na kufa. Jike ni nene, lina majani mengi, hubaki shambani wiki kadhaa zaidi likikomaza mbegu. Wakulima wa zamani wa Uingereza walitazama wembamba ule na kufa kule mapema, wakaamua kwamba huyu dhaifu ndiye mwanamke. Wakaliita dume fimble, neno linalotokana na Kilatini cha "mwanamke". Ule mmea mnene wenye mbegu wakauita carl, yaani mwanamume. Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo, wakaliita dume Femel. Majina yalikuwa kinyume kabisa na ukweli, na yalidumu vinywani mwa wakulima vizazi kwa vizazi, kwa sababu yalimwongoza mvunaji vizuri: huu uvunwe kwanza, ule baadaye.

Mwaka 1694 daktari mmoja wa Tübingen, Rudolf Jakob Camerarius, aliandika barua ndefu juu ya jinsia ya mimea. Alikuwa ameitenga mimea jike mbali na madume, na mingine akaiondolea maua ya kiume, akaona mbegu hazifungi. Tangu hapo dume likawa lile linalotoa chavua, jike lile linalobeba mbegu, na unene au wembamba ukaacha kuwa ushahidi.

Sisi nasi tunalo jina letu la kinyume. Zile nywele laini zinazotoka nchani mwa gunzi changa tunaziita ndevu za mahindi. Lakini hizo ndizo sehemu ya kike hasa ya mhindi. Kila unywele umeungana na punje moja, na usipopata chavua punje hiyo haijai. Sehemu ya kiume iko juu kabisa, ndiyo mbelewele. Tumempa mama ndevu. Sitaki neno hilo libadilishwe, ni zuri na kila mtu analielewa, lakini linatufundisha tahadhari: umbo huchagua jina haraka kuliko kazi.

Turudi kwa binti yangu na maua yake. Nilimwambia aweke panga chini, achukue ua moja la kila mti, alipasue kwa ukucha.

Ua la kiume la mpapai ni dogo, jembamba kama tarumbeta, na hutokea kwa wingi kwenye kikonyo kirefu kinachoning'inia, wakati mwingine kirefu kuliko mkono. Ukilipasua hukuti kitu cha maana ndani ila vumbi la manjano la chavua. Ua la kike liko peke yake au na wenzake wawili watatu, limeshikana na shina, nene. Petali zake tano zimeachana tangu chini, na ukizivuta unakutana na kitumba cha mviringo, ambacho tayari ni papai dogo. Halina chavua hata chembe. Halafu kuna ua la tatu, lililosimama katikati: limeshikana na shina kama la kike, lakini petali zake zimeungana chini, kitumba chake ni kirefu, na pembeni ya kitumba hicho mna vifuko vya chavua. Ua hili lina vyote viwili.

Alinyamaza kidogo. "Shangazi, haya mengi ni ya hii ya tatu."

Kwa nini hakuwa na neno? Neno lipo, na ni la siku nyingi: huntha. Limetoka Kiarabu, na wanazuoni wa fiqhi wamelitumia katika milango ya mirathi kwa mtu aliyezaliwa na alama za jinsia zote mbili. Vitabu vya shule hulikwepa na kusema ua "la jinsia mbili", maneno matatu mahali pa moja. Wauzaji wa miche hawasemi lolote kati ya hayo. Wanasema "mpapai wa kisasa", "mfupi", "chotara", na yote hayo hayazungumzii jinsia. Kisasa ni sifa ya biashara. Ufupi ni kimo. Chotara ni mzao wa mbegu mbili tofauti, na chotara aweza kuwa jike, dume au huntha.

Nadhani tunalikwepa kwa sababu huntha limekaa karibu mno na hanithi. Maneno hayo mawili ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu, ila hanithi limekuwa tusi, nalo limemwambukiza nduguye. Mtu anaogopa kulitamka mbele ya watoto au mbele ya mteja. Ni hasara kubwa. Huntha si tusi. Ni neno la elimu, lina adabu, limetumiwa ili mtu asidhulumiwe haki yake katika urithi. Mti unaolistahili ndio unaolisha masoko mengi ya mapapai duniani. Lile papai refu lenye umbo la pea, ambalo wenye maduka wanalipenda kwa kuwa linapangika vizuri kwenye boksi, ni tunda la huntha. La jike huwa la mviringo zaidi, na tundu lake la ndani ni pana. Aina ya Solo, iliyotoka Barbados ikafika Hawaii mwaka 1911 na kusambaa duniani, ilipendwa kwa ajili ya mihuntha yake. Naam, nimesema mihuntha. Nimejaribu wingi huo kinywani mara nyingi na sijaona ubaya wake, ingawa anayetaka kusema "mipapai huntha", kama tusemavyo mipapai dume, hatakosea.

Hapa napendekeza utaratibu ambao ungemwokoa binti yangu. Tuyaachie maua maneno "ya kiume" na "ya kike", na mti tuuite dume, jike au huntha. Tofauti hiyo si ya mapambo. Mti huntha waweza, joto likizidi au ukame ukiukaza, kutoa maua ambayo kitumba chake kimefifia, yakawa ya kiume kwa matendo. Mwenye shamba asiyetenganisha ua na mti atasema mti wake umegeuka dume, ataukata, kumbe mvua ikirudi ungezaa tena. Na dume lenyewe, lile la kamba ndefu, mara mojamoja hufunga vipapai vyembamba kwenye ncha za vikonyo vyake, vikaning'inia kama hereni. Wazee wengine huamini ni kwa sababu mti ulipigwa msumari au kukatwa kichwa. Jike peke yake ndilo lisilobadilika, liwe juani au kivulini.

Naomba pia tusiyaonee madume. Jike lisilopata chavua ya mwingine huangusha maua, au hufunga vitunda hafifu. Anayeibeba chavua hiyo hatumwoni kwa sababu anafika giza likiingia: ni nondo wakubwa wenye ulimi mrefu, wanaovuma mbele ya ua kama ndege mdogo. Mtafiti Dino Martins amewachunguza nchini Kenya na kuonyesha kwamba mashamba ya mipapai yaliyo karibu na vichaka vya asili huchavushwa vizuri kuliko yaliyo mbali. Dume moja kwa majike kumi hivi linatosha. Ukifyeka madume yote, na jirani naye akafyeka yake, nondo atakuja na kuondoka mikono mitupu.

Waomani wamelijua jambo hili kwa mtende kwa muda mrefu mno. Kule hawangoji mdudu wala upepo. Mtu hupanda juu ya mtende jike na kupachika vijiti vya maua ya dume katikati ya mashada yake, na dume moja hutosheleza majike mengi. Dume hilo wanaliita fahl. Mswahili asiyejua neno la Kiarabu hata moja atalitambua: ni fahali wetu. Neno moja, kule limesimama bustanini na kuheshimiwa, huku limeingia zizini. Nakiri ninawaonea wivu. Laiti tungesema "fahali wa mipapai", huenda lile panga lingesita kidogo.

Sasa kuhusu muuzaji wa miche. Sitaki kumwita mwongo. Pengine naye aliambiwa, maana ziko ishara nyingi zinazopita mdomo kwa mdomo: mbegu nyeusi ni jike na nyeupe ni dume, mbegu inayozama, mzizi ulionyooka, mzizi wenye matawi. Hakuna hata moja inayosimama. Mche wa mpapai hauonyeshi jinsia yake kwa macho ya mtu hadi utoe ua, na kabla ya hapo ni maabara tu inayoweza kuusoma. Mkungumanga wa Unguja ni mkaidi zaidi, waweza kumngojesha mkulima miaka sita au zaidi ndipo aujue. Kwa hiyo katika kitalu hakuna mche dume wala jike. Kuna mche tu.

Kinachoweza kujulikana ni mbegu ilikotoka. Mbegu ya jike lililochavushwa na dume hutoa nusu madume, nusu majike. Jike likichavushwa na huntha, nusu majike na nusu huntha. Huntha likijichavusha lenyewe, kati ya kila miche mitatu miwili ni huntha na mmoja jike, hapana dume kabisa. Ingetarajiwa kuwe na fungu la nne, lakini hilo hufa likiwa bado ndani ya tunda. Muuzaji mwaminifu anaweza kukueleza haya pasipo kubashiri.

Na kuhamisha miche? Hapa maneno yamejaa hadi yanagongana. Wakulima wa mpunga wana kuatika. Vitabu vinasema kupandikiza, neno zuri lenye kusukuma: kupanda, kisha kupandikiza, kukiweka kitu mahali ambapo hakikuota. Hospitali zimelichukua kwa figo. Lakini wengine hulitumia pia kwa kile ambacho wakulima wa Tanzania hukiita kubebesha, yaani kuunganisha kitawi cha mti mmoja juu ya shina la mwingine. Ndiyo maana "mwembe wa kupandikiza" ni maneno ya kuogofya: sijui kama ulihamishwa au ulibebeshwa. Mimi nimeamua hivi. Kutoka trei hadi kiriba, na kutoka kiriba kidogo hadi kikubwa, ni kuhamisha. Kutoka kitaluni hadi shambani ni kupandikiza. Kuunganisha ni kubebesha, basi.

Kiriba nacho kina historia yake. Kilikuwa mfuko wa ngozi wa kubebea maji, Kiarabu qirba. Leo ni mfuko wa plastiki mweusi wenye matundu chini, umejaa udongo. Kilichokuwa sifa yake, kutovuja, sasa ndicho kinachoua mche, kwani mpapai haustahimili maji kutuama. Mizizi yake ikikaa majini siku mbili tu, mti waweza kufa wote. Basi matundu yasizibwe. Mche ukifika urefu wa shibiri, kama sentimita 20, hupandikizwa jioni au siku ya mawingu, baada ya kuzoeshwa jua kidogo kidogo. Usivute mche kwa shina. Chana kiriba kwa wembe toka juu hadi chini, ondoa plastiki, teremsha bonge la udongo likiwa zima, kwa sababu mizizi ya mpapai huchukia kuguswa. Usifukie shina zaidi ya lilivyokuwa kiribani, litaoza.

Halafu ni lile ambalo binti yangu hakuambiwa, na mimi nilipaswa kumwambia kabla hajanunua: shimo moja, miche mitatu. Iachane shibiri moja na nusu, ikue pamoja, na panga lingoje ua la kwanza. Kwa mbegu ya jike na dume, kati ya mashimo manane ni moja tu, kwa wastani, litakalotoa madume matupu. Kwa mbegu ya huntha iliyojichavusha, kati ya mashimo 27 moja ndilo litakalokosa huntha, na hilo litakuwa na majike.

Siku ile alikata madume tisa, akaacha mawili upande ule upepo unakotokea. Si kwamba upepo ndio unaobeba chavua, ila alipapenda. Katika ile 13 alihesabu majike sita na huntha saba. Ameniambia ameiandika kwenye daftari, kila mti na jina lake, na neno huntha ameliandika kwa herufi kubwa.

Nawe ukisimama kwenye kitalu cha barabarani na muuzaji akakuapia kwamba miche yake yote ni majike, usibishane naye. Muulize mbegu ilitoka kwenye papai la mti gani, kisha ununue mitatu kwa kila shimo.